Shajara ya mradi: "not" na wenzake, vois za Kiingereza kwa wahudumu wa Dodoma

Jumatatu usiku

Naanza kuweka kumbukumbu hapa ili wote tulio kwenye huu mradi tujue tumefika wapi, na atakayetaka kuuendeleza huko kwao Singida au Kondoa apate pa kuanzia. Kazi yenyewe ni vois fupi fupi za WhatsApp za Kiingereza cha kazini. Walengwa ni watu wa mapokezi kwenye magesti, wahudumu wa migahawa na madereva bajaji wanaopaki upande wa stesheni ya SGR. Tangu treni ianze kuleta abiria huku 2024, na wizara kuhamia kule Mtumba, mgeni asiyejua Kiswahili sio kitu cha ajabu tena, anaweza akakutokea Majengo sokoni au Nkuhungu saa yoyote.

Sasa watu hawa Kiingereza wanacho. Wengi wamemaliza fomu foo, maneno wanayo mengi kuliko wanavyodhani. Nimekaa nao, nimewasikiliza wakiongea na wageni, na kitu kinachokwamisha ni kilekile kila mahali: kwenye kukanusha, hasa pale kielezi kama always, still, never au really kinapoingia kwenye sentensi hiyohiyo. Shuleni tulifundishwa vielezi ukurasa mmoja, cha namna, cha mahali, cha wakati, unakariri. Ukanushi ukurasa mwingine, "change into negative", unajaza, unapata tiki. Hakuna aliyetukalisha chini akatuonyesha vinavyokutana kwenye kitenzi kimoja. Msimamo wangu kwenye mradi huu ni kwamba tusivitenganishe kabisa, kila vois iwe na kitenzi, kikanushi na kielezi kwa pamoja, ndani ya sentensi ambayo mtu ataitumia kesho asubuhi kazini.

Jumatano

Leo tumekaa Makole na yule dada mwalimu wa sekondari anayetusomea sentensi za Kiingereza, tukapanga vois za mwanzo. Tumekubaliana tuanze na kueleza kwa nini mtu anasema "I didn't went", maana hii iko kila kona na watu wanaichekea bila kuelewa inatoka wapi.

Angalia Kiswahili kinavyofanya. Kukanusha kwetu kunaanzia mwanzoni mwa kitenzi na kunapita ndani yake: sijui, hajui, hawajui, na huko mwishoni a imegeuka i. Ukienda wakati uliopita, hakuenda, ile "ku" inabeba mambo mawili kwa mpigo, kwamba ni jana na kwamba halikutokea. Kitenzi chetu kinavaa kila kitu chenyewe. Kiingereza hakifanyi hivyo. Kuna msaidizi anasimama mbele, do, does au did, huyo ndiye anabeba wakati, anabeba mtu, anabeba na not, halafu kitenzi chenyewe kinabaki kitupu: go, know, eat. Ni kama daladala, konda ndiye anapiga kelele na kugombana na abiria, dereva yuko kimya anaendesha. Kwa hiyo "didn't go" imeshamaliza kazi kwenye did, ukisema went unarudia kitu kilichokwisha kusemwa. Yule anayesema "didn't went" sio mzembe, anafuata mazoea ya lugha yake ambayo kitenzi lazima kionyeshe wakati.

Na huyu do hakuwepo siku zote! Mimi hii historia naipenda sana. Kiingereza cha kale kabisa kilikuwa na "ne" mbele ya kitenzi, karibu na sisi kabisa. Baadaye wakaongeza not nyuma ya kitenzi zikawa mbili, halafu ile ya mbele ikafifia ikabaki ya nyuma, "I say not", halafu ndio akaingia do, "I do not say", ikafupishwa "I don't say". Mtaalamu wa lugha wa Denmark, Otto Jespersen, ndiye alieleza huo mzunguko mwaka 1917. Enzi za Shakespeare aina zote mbili zilikuwa zinatumika, "I know not" na "I do not know". Nimemwambia mwalimu tuiweke hii hata kwa sekunde chache, maana mtu akijua kwamba hata wenye lugha yao wamehangaika karne kadhaa kutafuta not ikae wapi, anapata moyo.

Wasiomhitaji do ni wachache wa kukariri: is, am, are, was, were, can, will, must, should, na have ya "I have seen". Hawa wanashikwa na not wenyewe. "It isn't far", "I can't stop here", "he hasn't paid". Ndio maana "I am not understand" inagongana, mtu kachukua am ambaye hakuitwa, wakati understand anamtaka do.

Ijumaa, upepo mkali

Hakuna kurekodi leo. Upepo wa Dodoma mnaujua, mabati yanapiga na vumbi linaingia hadi dirisha lililofungwa, sauti yote inakuja na mvumo. Kwa hiyo nimetumia muda kuandika sehemu ya nafasi ya vielezi.

Hapa kanuni ni fupi na inafanya kazi. Maneno kama always, usually, often, never, still, just, already, probably yanakaa katikati. Yanatangulia kitenzi cha kawaida, "we always close at ten". Yanafuata is na ndugu zake, "we are always open". Na wakiwepo wasaidizi, yanakaa baada ya msaidizi wa kwanza, "we have never closed early". Sisi tumezoea kuyaweka popote, kila mara tunafunga saa nne, tunafunga saa nne kila mara, mara nyingi tu iko mwanzoni, na pia tuna "huwa" inayotusaidia sana. Ndio maana unasikia "we close always at ten", mgeni ataelewa ila sikio lake linakwama kidogo.

Kingine, kitenzi na kinachotendwa havitaki kutenganishwa. "She speaks English well", sio "she speaks well English". Hii nimeiweka vois moja tu nikapita, haina mambo mengi.

(Kwenye hiyo mifano ya kufunga nimekumbusha pia kwamba ten usiku ndio saa nne yetu, maana mtu anaweza akapatia kielezi na kikanushi akaja kumpa mgeni saa kumi.)

Jumapili mchana

Kazi imenoga. Hii ndio sehemu iliyonifanya niutake mradi huu na nataka niiandike kwa kirefu.

Not na kielezi, nani anatangulia? Kwenye Kiingereza huyo anayetangulia anamtawala anayefuata, na maana inageuka. Chukua really. Mgeni kaonja mlenda. Akisema "I don't really like it", amesema kwa upole, haujanikolea sana, anaweza akaendelea kula. Akisema "I really don't like it", umemkataa kabisa, ondoa sahani. Maneno ni yaleyale, kilichobadilika ni mpangilio tu. Kwenye ya kwanza not imeishika really, anakanusha ule ukali wa kupenda. Kwenye ya pili really imeushika ukanushi wote, anautilia mkazo.

Sisi tunafanya hivyo kwa maneno tofauti, siupendi sana na siupendi kabisa, kwa hiyo hatuna mazoea ya kusikiliza mpangilio, tunasikiliza neno. Mhudumu akisikia "don't", "really" na "like" ameshahitimisha. Ndio maana vois hizi zote mbili tunaziweka pamoja, mara tatu tatu, na swali: je, unaondoa sahani au unaiacha?

Halafu deliberately. "I didn't deliberately leave you", sikukuacha makusudi, ila nilikuacha. "I deliberately didn't wait for you", makusudi kabisa sikukusubiri. Dereva bajaji anayeomba radhi kwa abiria akikosea hapo, badala ya kutuliza anachochea.

Always nayo. "The water isn't always hot" ni maji kuna wakati ya moto kuna wakati hapana, na mtu wa mapokezi akisema hivyo anakuwa mkweli na mgeni anajipanga. Kuna dada wa gesti moja alikuwa anasema "the water is always not hot", hapo mgeni anasikia kwamba maji ya moto hayapo katu, siku zote baridi. Zile usually na often hazina ugomvi mkubwa, "I don't usually" na "I usually don't" zinakaribiana, tumeziacha. Probably inapenda kutangulia, "it probably won't rain", tumeirekodi hivyo tu bila maelezo.

Sasa njoo kwenye bado. Aisee. Bado yetu ni neno moja linalofanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimezigawa. Bado yupo, "he is still here". Bado hajaja, "he hasn't come yet". Kwenye kukubali ni still, kwenye kukanusha ni yet na inakaa mwisho. Na sisi hata bado tunaweza kuiacha maana ile "ja" ya hajaja inatosha. Mtu akitafsiri bado kwa still kila mahali anapata "the food still is not ready", na hapa kuna hatari ya adabu, maana still pamoja na not ipo kwenye Kiingereza lakini inabeba lawama. "It isn't ready yet" ni taarifa, subiri kidogo. "It still isn't ready" ni mtu aliyechoka kusubiri. Mgeni akiisema hiyo ya pili, mhudumu ajue mambo yameshaharibika, akimbie jikoni. Mhudumu mwenyewe akiisema kuhusu chakula cha mgeni, inakuwa anamlalamikia mpishi mbele ya mteja. Na mtu akiuliza "is it ready?", jibu fupi kabisa ni "not yet", sio "yet" peke yake na sio "still".

Nimecheza hii vois kwa wahudumu wa mgahawa mmoja karibu na Nyerere Square, mama mwenye mgahawa akairudia mwenyewe kwa sauti, "not ready yet, not ready yet", akamwita na mpishi aje asikilize. Nimefurahi sana.

Jumanne

Leo zamu ya never, hardly, rarely na seldom. Haya maneno yana ukanushi tumboni, hayataki not tena. Kiswahili kinatuvuta upande mwingine, sinywi kamwe, sijawahi kunywa, kitenzi lazima kikanushwe hata kamwe ikiwepo. Kwa hiyo mtu anasema "I don't never drink". Nimesisitiza kwenye vois kwamba hilo sio jambo la aibu wala la ujinga: kukanusha mara mbili kulikuwa kawaida kwenye Kiingereza cha zamani, Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, kaandika hivyo, na hadi leo kuna sehemu nyingi Uingereza na Marekani watu wanaongea hivyo majumbani. Mmoja wa walioandika kwamba kanushi mbili zinafutana ni mwandishi wa sarufi, Robert Lowth, karne ya 18, na shule zikaishika hiyo. Lakini mbele ya mgeni hotelini tumia moja, "I never drink".

Hardly ndio inayoumiza watu. Inafanana na hard kwa sura tu. "She works hard", anajituma. "She hardly works", ni kama hafanyi kazi kabisa. Mama mmoja aliniomba nimwangalizie barua ya kumpendekeza binti aliyekuwa anamfanyia kazi, ili apokelewe hoteli kubwa, na humo ndani ilikuwa "she hardly works every day". Alimaanisha kumsifu kwa moyo wote, na barua ingemnyima yule binti kazi. Tukairekebisha pale pale. Hiyo nimeiweka kama vois ya kujitegemea kwa sababu hapa kosa la herufi mbili linagusa mkate wa mtu.

Namna ya kutambua kwamba hardly ni ya upande wa ukanushi, sikiliza kile kiswali cha mwisho: "he hardly eats, does he?", sawa na "he doesn't eat, does he?". Ingekuwa sentensi ya kukubali, mwisho ungekuwa "doesn't he?".

Alhamisi, stendi na stesheni

Nimeenda kwa madereva bajaji. Hapa suala sio kutunga sentensi, ni kujibu swali lenye ukanushi.

Abiria anauliza, "You're not going to Nkuhungu?" Dereva kwa nia njema kabisa, "Yes." Kwake yes ni ndiyo, ndiyo siendi huko, anakubaliana na maneno ya aliyeuliza. Abiria amesikia yes, ninaenda, ameshaweka begi ndani. Nimeshuhudia kitu hiki mwenyewe na nusura wagombane watu wawili wenye heshima zao. Chenji vilevile: "Don't you have change?" "Yes." Mgeni anasimama anasubiri chenji isiyokuwepo.

Kiswahili tunajibu kwa kuangalia kauli ya muulizaji ni kweli au si kweli, huna chenji? ndiyo, sina. Kiingereza kinaangalia jambo lenyewe lipo au halipo. Halipo, ni no, hata kama aliyeuliza ameshakanusha. Sasa kumweleza dereva mantiki hiyo akiwa na abiria mkononi haiwezekani, kwa hiyo tumeamua njia moja: usiache yes au no peke yake, mfungie mkia. "No, I don't." "No, I'm not." "Yes, I do." "Yes, I am." Hata ukichanganya mwanzo, ule mkia unamwokoa mgeni. Kaka mmoja pale aliniambia, "Mwalimu, hii sasa ndio Kiingereza cha barabarani," na wenzake wakaanza kuulizana wao kwa wao kwa zamu, hadi treni ya jioni ilipoingia wakatawanyika.

Hapohapo nikawapa na "me neither". Wao walikuwa wanasema "me too I don't know", kutoka kwenye mimi pia sijui. Too ni ya kukubali, ikishaingia not inakuwa either au neither: "I don't know either".

Jumamosi asubuhi, kimya, tumerekodi

Hali ya hewa imetulia, tumerekodi mfululizo. Sehemu ya leo ni ya kusikiliza zaidi.

Tatizo ni kwamba not ya Kiingereza cha mdomoni ni ndogo mno. Kwetu ukisikia ha au si mwanzoni mwa neno umeshajua anakanusha, kabla kitenzi hakijafika. Kwao inabaki "n't" tu nyuma ya msaidizi, na t yenyewe mara nyingi haisikiki. Can na can't ndio balaa. Siri tuliyoiweka kwenye vois: usiitafute t, sikiliza uzito. "I can help you", can inapita haraka, haina nguvu, nguvu iko kwenye help. "I can't help you", can't inakuwa nzito, inavutwa kidogo, na Waingereza wengi wanaisema kwa aa ndefu. Na ukiwa msemaji wewe, usihangaike, sema "cannot" kamili, hakuna atakayekosea.

Tumefunga pia must. "Si lazima ulipe sasa" mtu anaigeuza "you must not pay now", ambayo ni marufuku kulipa. Kiswahili kinaonyesha vizuri tu, si lazima imekanusha lazima, usilipe imekanusha kulipa. Kiingereza "mustn't" inakanusha kulipa. Unachotaka ni "you don't have to pay now". Kuna tangazo la mapokezi limebadilishwa leo hiihii baada ya kusikiliza, nimeliona.

Na kuna sehemu Kiswahili kinatubeba, lazima isemwe, maana watu wanadhani lugha yao ni kikwazo tu. Sidhani kama yupo, hatusemi nadhani hayupo tukitaka kuongea kwa ustaarabu, na Kiingereza kinafanya vilevile, "I don't think he's in". Ukanushi umepanda kwenye kudhani ingawa unahusu kuwepo. Hiyo vois imerekodiwa mara moja ikatosha, kila mtu aliipata. Sina chochote nayo inaenda moja kwa moja kwenye "I don't have anything". Na siyo mbaya kama sifa, "not bad", Mwingereza akisema hivyo kuhusu mvinyo wa zabibu za Dodoma, amesifu, mwongezee. Ila akisema "I'm not very happy" ujue amekasirika, hiyo very baada ya not ni ya kupunguza ukali wa maneno tu, sio wa hasira.

Jumatatu

Vois zote za kundi la kwanza zimeshatumwa, nimezibana ziwe nyepesi ili bando la mtu lisiishe. Maoni yanakuja kwa vois pia, na wengi wanaomba zile za mpangilio, really na still, ziongezwe. Nakubaliana nao, ndiko kwenye utajiri.

Kundi la pili tunaanza na all. "All the rooms are not clean", anayesema anaweza kuwa na maana hakuna hata kimoja kisafi, au sio vyote ni visafi, na Mwingereza mwenyewe anaweza akaisikia kwa namna zote mbili. Sisi tunatofautisha, vyumba vyote si visafi, si vyumba vyote ni visafi. Mwalimu ameshaandika jozi zake: "none of the rooms are clean" na "not all the rooms are clean", mhudumu achague moja kati ya hizo na aiache ile ya utata. Baada ya hapo too na enough, "not too spicy", "not hot enough", kwa ajili ya jikoni. Anayeishi Ilazo au Kisasa mwenye chumba kisichopigwa sana na upepo atuambie, tunataka kurekodi Alhamisi.